Mchezaji wa Ukuta Hupimwa Miguuni

Ukialikwa kutazama padeli, iwe Dar es Salaam, Nairobi au kwa jamaa zako Maskati, usikubali kiti cha pembeni karibu na neti. Wengi hukimbilia hapo kwa sababu smashi zinaonekana vizuri na kelele zake zinachangamsha. Zunguka nyuma ya kiwanja, usimame nje ya kioo cha mwisho, hatua mbili tatu kutoka kwenye kona. Mipira ya mwanzo itakushtua, maana inakuja usoni na kugonga kioo mbele ya pua yako. Baada ya muda utaacha kupepesa macho, na utaanza kuona vitu ambavyo wa pembeni hawavioni: visigino vya mchezaji, mgongo wake, magoti yanavyokunjwa, na kazi inayofanywa na mkono usioshika raketi. Ubora wa mchezaji wa ukuta, yule anayeurudisha mpira unapotoka kiooni, uko hapo. Mkono wenye raketi huja mwisho, na mara nyingi unatimiza tu kile ambacho miguu ilikwisha kuamua.

Naandika hasa kwa watu wa kwetu, kuanzia Somanga na Kilwa hadi Lindi mjini, ambao mchezo huu tunaufuata zaidi kwenye simu kuliko kiwanjani. Vijana waliokwenda Dar kutafuta maisha wanatuma vipande vya video, ndugu wa Maskati wanatuma vyao, na ubishi unaanza barazani: huyu anajua, yule hajui. Nimeusikiliza ubishi huo sana, na karibu kila mara hukumu hutolewa kwa smashi. Aliyeutoa mpira nje ya kiwanja kwa nguvu anaitwa fundi. Aliyerudisha mipira mitano mfululizo kutoka kwenye kona hatajwi kabisa. Mimi niko upande wa huyo wa pili.

Kwa ambaye hajaujua mchezo vizuri, mambo ya msingi ni haya. Kiwanja kina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, kimegawanywa na neti yenye kimo cha sentimita 88 katikati. Nyuma ya kila upande kuna ukuta wa kioo wa mita 3, na juu yake mita moja ya wavu wa chuma. Kioo hicho kinakunja kona na kuendelea ubavuni kwa mita chache huku kikishuka ngazi, kisha wavu wa chuma unashika sehemu iliyobaki. Wanacheza wanne, wawili kila upande. Sevu hupigwa kutoka chini, mpira ukiwa haujazidi kiuno. Alama ni zile za tenisi: 15, 30, 40. Mpira ukienda kwa wapinzani lazima udunde chini kwanza. Ukishadunda unaweza kugonga kioo chao, na bado uko hai mpaka udunde mara ya pili. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo padeli yenyewe. Kwenye tenisi mpira ukikupita umekwisha. Hapa ukikupita, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kuta zilikuwemo tangu mwanzo. Enrique Corcuera, aliyeuanzisha mchezo, alijenga kiwanja chake nyumbani Acapulco, Mexico, mwaka 1969, na kilikuwa na kuta za kawaida, si vioo. Rafiki yake Alfonso de Hohenlohe akaupeleka mchezo Marbella, Hispania, mwaka 1974, na muda si mrefu Argentina nayo ikaupokea kwa mikono miwili. Shirikisho la kimataifa liliundwa mwaka 1991. Kwa upande wetu wa bahari, Ghuba ndiyo iliyoufanya mchezo usikike: Doha iliandaa mashindano ya dunia mwaka 2021, Dubai mwaka 2022, kisha Doha tena mwaka 2024. Vioo vilikuja baada ya kuta hizo za mwanzo, na kwa sababu nzuri tu: watazamaji waone. Kwa hiyo kusimama nyuma ya kioo ni haki yako.

Sasa tuje kwenye kupima.

Kitu cha kwanza cha kutazama kinatokea kabla mpira haujavuka neti. Mpinzani anapougusa mpira, mchezaji mzuri wa nyuma huwa anaruka kidogo sana, kiasi cha unene wa soli, na kutua kwa miguu miwili iliyoachana kuliko mabega, uzito ukiwa mbele ya nyayo. Ni kijiruko kisichopendeza wala kuchukiza, na kwenye video ndogo hukioni kabisa usipokitafuta. Kazi yake ni kumwacha mtu tayari kwenda kokote. Asiyekuwa nacho utamkuta amesimama wima, magoti yamenyooka, anasubiri ajue mpira unaenda wapi ndipo aanze kuamka. Mchezaji wa namna hiyo huchelewa kila mpira kwa nusu sekunde, na nusu sekunde ndiyo tofauti kati ya kupiga mpira mbele ya mwili na kuukwaruza ukiwa umeshapita kiuno.

Baada ya kijiruko, tazama anavyorudi nyuma. Hapa ndipo ninapomaliza hukumu yangu mara nyingi, hata kabla sijamwona akipiga. Anayejifunza hurudi kinyumenyume: uso umeelekea neti, visigino vinatangulia, raketi imeinuliwa kifuani. Mpira ukimpita juu ya bega hana la kufanya ila kugeuza shingo. Anayejua hugeuka ubavu mapema, mguu wa nyuma unafunguka, raketi inashuka na kwenda nyuma, na anatembea kwa hatua za ubavu akielekea kwenye kioo akiwa sambamba na mpira. Anausindikiza, kama mtu anavyomsindikiza mgeni mpaka njia panda kisha akarudi zake. Neno hilo nitalitumia hadi mwisho, kwa sababu sijapata jingine linaloeleza vizuri zaidi miguu inavyofanya: kwenda na mpira mpaka kiooni, kuusubiri ugonge, kisha kurudi nao mbele.

Kusindikiza kuna vipimo vyake. Jambo la kwanza ni umbali kutoka kwenye kioo. Mpira wa kasi uliodunda karibu na mstari wa sevu, ambao uko mita 6.95 kutoka kwenye neti, hugonga kioo kwa nguvu na kutoka mbali. Kwa mpira huo mchezaji hana haja ya kujibana ukutani. Anapaswa kuacha nafasi, kisha asogee mbele na mpira unaporudi. Mpira mlaini uliodunda karibu na kioo hutoka kidogo tu na kufa hapo hapo. Huo unataka mtu awe karibu, amekunja magoti hasa, raketi iko chini kuliko goti. Kosa linaloonekana zaidi kwa wanaojifunza ni kuitendea mipira yote miwili sawasawa: kusimama mahali pamoja, kama mita moja na nusu kutoka kwenye kioo, na kunyoosha mkono. Mpira wa kwanza huwagonga mbavuni, wa pili huwafia miguuni.

Mzunguko wa mpira nao unabadilisha umbali huo, na mchezaji aliyekomaa anausoma kutoka kwenye raketi ya mpinzani. Mpira uliokatwa kwa chini, ukifika kwenye kioo ukiwa bado unazunguka kinyumenyume, huteremka na kutoka mfupi. Uliosuguliwa kwa juu hupanda ukigusa kioo na kuruka mbali. Ukimwona mtu anapunguza hatua ya mwisho kwa sababu tu ameona raketi ya mwenzake imefunguka uso kuelekea juu, huyo amecheza miaka.

Kisha kuna mkono usioshika raketi. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, utazame wa kushoto. Kwa wazuri, mkono huo unanyooka kuelekea kwenye kioo au kwenye mpira, unapima. Unamwambia mtu kioo kiko wapi bila kugeuza macho. Kwa wasiozoea, mkono huo unaning'inia au unapunga hewani kutafuta mizani. Ni kipimo kidogo ila sijawahi kukiona kikidanganya.

Mpira ukishagonga kioo, hatua ya mwisho iwe ya kwenda mbele. Sehemu ya kuugusa mpira iwe mbele ya mguu wa mbele, mpira ukiwa unashuka, kwenye kimo cha goti mpaka paja. Pigo lenyewe ni fupi. Kioo kimeshaurudisha mpira upande unaoutaka, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzungusha bega zima. Ukiona mtu anachota raketi kutoka mbali sana nyuma, kwa nguvu, ujue anafidia miguu iliyochelewa. Sikiliza pia. Mpira uliopigwa sawasawa baada ya ukuta hutoa mlio mfupi, mzito, wa kufifia. Mlio wa kukwaruza au wa ukingo wa raketi maana yake mpira ulikuwa karibu mno na mwili. Unaweza kufumba macho kwa dakika chache na kuhesabu ni nani kati ya wachezaji wawili anayetoa mlio safi mara nyingi. Nimefanya hivyo, na wenzangu walicheka, lakini jibu lilikuwa sahihi.

Nitaeleza pointi moja niliyoiona Dar es Salaam, jioni, taa zimewaka. Upande wa neti walikuwa vijana wawili warefu, mabega mapana, wanapiga mpira mpaka unaomboleza. Upande wa nyuma alikuwepo mzee mwenye kitambi na soksi zilizovutwa mpaka magotini, akicheza na binti aliyeweza kuwa mjukuu wake. Kijana wa kushoto akapiga voli ngumu kwenda kona ya mzee. Mzee hakukimbia. Alichukua hatua tatu za ubavu, fupi fupi, kwa sauti ya viatu kusugua mchanga wa kapeti ya kiwanja, raketi ikashuka kando ya goti. Mpira ukagonga kioo cha ubavuni, ukaenda cha nyuma, na muda wote huo yeye alikuwa anaondoka kwenye kona, anasogea katikati, amewapa mgongo nusu. Mpira ulipotoka ulimkuta amesimama, hana haraka. Akauinua juu, taratibu, ukapita juu ya raketi za wale wawili kwa kiasi cha dhiraa na kudunda karibu na kioo chao cha nyuma. Vijana wakageuka kukimbia. Mzee na binti wakatembea mpaka neti. Nasema wakatembea, hawakukimbia. Pointi haikuwa imekwisha, ila wenye uzoefu waliokuwa nyuma ya kioo pamoja nami walikwisha kugeuka kuzungumza mambo mengine.

Aliyoyafanya mzee kwenye kona ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha madaraja. Wengi wanaiona kona kama bahati nasibu. Si bahati nasibu. Vioo viwili vinakutana kwa pembe mraba, na mpira unaogonga kimoja kisha kingine hutoka ukielekea upande ulikotokea, njia yake ikiwa sambamba na ile ya kuingia. Haijalishi ulianza na kipi. Kinachobadilika ni mahali unapotokea. Ukigusa kioo cha ubavuni kwanza na cha nyuma baadaye, hutokea kwenye kioo cha nyuma ukielekea katikati, na mchezaji aliyekimbilia kona kuufuata ataupokea mwilini. Ndiyo maana mzee aliondoka kwenye kona huku mpira ukiingia. Ukigusa cha nyuma kwanza, hutokea ubavuni na kukata mbele ya mchezaji. Hapo anapaswa kugeuka pamoja nao, mwili ukizunguka kuelekea ubavuni, miguu ikipiga hatua ndogo nyingi ili asifungwe. Kwa kweli hesabu hiyo huharibiwa kidogo na msuguano na mzunguko, lakini miguu iliyozoea inaijua kuliko kichwa. Mpime mtu kwa swali moja: mpira ukienda kona, yeye anasogea kwenye kona au anatoka? Anayetoka mapema, mpe alama zake.

Wavu wa chuma uache. Mpira ukigonga pale huenda unakotaka wenyewe, na hata mabingwa huaibika. Yeyote anayejisifu kwamba anaujua wavu usimkopeshe pesa.

Kuna uamuzi mmoja unaotangulia yote haya: kuuacha mpira uende kiooni au kuuchukua kabla. Mchezaji mwoga huuchukua kila mpira kabla ya kioo, akiupiga kwa nusu mdundo, miguu imefungana, na kuwapa walio netini voli za bure. Mchezaji aliyependa ukuta kupita kiasi huacha hata mpira mlaini ambao hautatoka. Mzuri anaacha mipira ya kasi na mipira ya kina, kwa sababu kioo kinapunguza kasi na kumpa muda. Mpira mfupi na wa chini anaudaka mapema. Usimhukumu kwa mpira mmoja. Tazama seti nzima, na uangalie kama wanaompigia mpira wanaanza kubadilisha mbinu. Wapinzani wakiacha kupiga kwa nguvu na kuanza kumwekea mipira mifupi karibu na kioo, wamempa cheti bila kujua.

Na akishaupata mpira kutoka kwenye kioo, afanye nini? Hapa barazani huwa tunagombana. Vijana wanataka apige. Mimi nasema jibu zuri ni moja kati ya mawili, na yote ni ya polepole. La kwanza ni mpira wa juu na wa kina, unaovuka raketi za walio netini na kudunda nyuma ya mstari wao wa sevu. Ubora wake haupimwi kwa urefu angani, unapimwa kwa miguu ya wapinzani: ukiwaona wamegeuza migongo, ulikuwa mzuri, wakirudi hatua mbili huku wakitazama juu na kupiga, ulikuwa mfupi. La pili ni mpira laini unaoteremka miguuni kwao mara tu unapovuka neti, kiasi cha kuwafanya wapige kwenda juu. Mpira wa nguvu kutoka nyuma ni zawadi kwa mtu aliye netini. Anaweka raketi tu na unarudi kwa kasi mara mbili.

Fernando Belasteguín wa Pehuajó, Argentina, alikaa namba 1 duniani miaka 16 mfululizo, kuanzia 2002 hadi 2017, na kustaafu mwaka 2024. Miaka 13 kati ya hiyo alicheza na Juan Martín Díaz, ambaye ndiye aliyekuwa na mikono ya maajabu. Kama una video zao za zamani, usimtazame Díaz, ingawa macho yatakuvuta kwake. Mtazame Belasteguín wakati hana mpira. Utamkuta anasogea kila mara mwenzake anaposogea: mwenzake akivutwa kona ya kushoto, yeye anaziba katikati, mwenzake akiinua mpira juu, yeye yuko njiani kwenda netini kabla mpira haujadunda. Padeli ni ya watu wawili, na miguu ya kupimwa ni minne. Mchezaji hodari wa ukuta anayemwacha mwenzake peke yake mbele, au anayebaki nyuma baada ya kuinua mpira mzuri, amefanya kazi yote na kuutupa mshahara.

Video za mashindano makubwa zina faida moja kwa mtu wa Kilwa au Lindi: kamera kuu huwekwa juu, nyuma ya kioo cha upande mmoja. Maana yake jozi iliyo karibu unaiona mgongoni. Funika nusu ya juu ya simu kwa kidole gumba, usione wapinzani wala smashi zao, utazame jozi ya chini tu kwa michezo miwili mitatu. Baada ya muda utaanza kujua mpira ulipigwaje kwa kuona tu miguu ya hawa wa chini, na hapo jicho lako limeshaanza kufanya kazi.

Hali ya hewa ya pwani yetu lazima iingie kwenye hukumu. Usiku wa masika kioo hushika unyevu, na mpira ukigusa kioo chenye jasho hauruki. Unateleza na kuporomoka. Mtu anayeonekana mbovu saa mbili usiku huenda mchana alikuwa mzuri kabisa. Mtazame kama ameanza kusogea karibu zaidi na kioo na kukunja magoti zaidi. Aliyezoea hubadilika ndani ya michezo miwili. Joto la kaskazi, kinyume chake, huutia mpira uhai, unadunda juu na kutoka mbali. Kusi ikivuma kwenye kiwanja kisicho na paa, mipira ya juu inayopigwa dhidi ya upepo hupungua na ile ya kufuata upepo huvuka mpaka. Kapeti nayo huwa na mchanga ndani yake: ukiwa mwingi miguu inateleza na mpira unakuwa mzito, ukiwa mchache kiatu kinang'ang'ania na magoti yanalalamika.

Wengi watauliza: bila kioo, mtu wa Kilwa Masoko atafanyaje mazoezi? Miguu haihitaji kioo. Maji yakitoka ufukwe wa Jimbizi, mchanga uliolowa unakuwa mgumu, na vijana wanachezea chandimu hapo. Chora kwa kijiti mstari wa nyuma na kona, simama hatua moja nyuma ya mahali ambapo mstari wa sevu ungekuwa, na mwenzako aonyeshe kwa mkono: kona ya kulia, kona ya kushoto, mfupi. Kijiruko, geuka ubavu, hatua za kusindikiza, nusu sekunde ya kusubiri, hatua ya kurudi mbele. Mchanga una uzuri wake: alama za nyayo zinabaki. Ukimaliza, inama uzisome. Alama za visigino zilizochimba kuelekea nyuma zinasema ulirudi kinyumenyume. Alama ndefu chache zinasema hatua zako za mwisho ni kubwa mno. Kocha wa Dar hana kumbukumbu ya namna hiyo kwenye kapeti yake.

Kwa mpira, tafuta ukuta uliopigwa lipu safi na chini pa saruji. Kuta za Kilwa Kisiwani zisahau, hata kwa mzaha: Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na zaidi ya hapo jiwe la tumbawe lina vinundu, mpira ungeruka kokote. Bora zaidi ni ua wenye kona ya ndani iliyopigwa lipu pande zote mbili. Mpira wa tenisi uliopungua pumzi unafaa, kwa sababu wa padeli una presha ndogo kidogo kuliko wa tenisi mpya. Raketi ya padeli haizidi urefu wa sentimita 45.5 na haina nyuzi. Fundi seremala anaweza kukukatia kibao cha vipimo hivyo, mradi kisiwe kizito sana, maana nyingi za dukani ziko karibu na gramu 360. Kitoboe mashimo, ufunge kamba ya mkononi. Kamba hiyo ni sheria hata kwenye mashindano, na uani itawaokoa watoto wa jirani.

Lakini usianze na kibao. Anza na mikono mitupu. Mwenzako arushe mpira udunde mbele yako, ukupite, ugonge ukuta, na wewe uudake kwa mkono mmoja kwenye kimo cha goti, mbele ya mguu wa mbele, ukiwa unasogea mbele. Ukilazimika kunyoosha mkono au kurudi nyuma ili kuudaka, miguu ilikosea, na kibao kingeficha kosa hilo. Baada ya hapo aupeleke mpira kwenye kona, ukuta wa ubavuni kwanza, na zoezi ni lile lile ila sasa unatoka konani wakati mpira unaingia. Utagongwa na mpira tumboni mara nyingi siku za mwanzo. Endelea mpaka mwili uache kuifuata kona. Kibao kishike pale tu unapoweza kuidaka mipira mingi kuliko inayokupita, na hata hapo mipira ya kwanza iinue tu juu, taratibu, ianguke nyuma ya mwenzako.